Kifua Kikianza Kubana Tena Baada ya Baipasi: Niliyowaambia Waliopasuliwa Moyo na Familia Zao

Kwa ambao hamkuweza kufika, haya ndo mazungumzo yote kama nilivyoyatoa, picha za ukutani tu ndo nimeziacha.

Wazee wangu, mama zangu, kaka na dada, asanteni sana kwa kuja. Naona humu wengi mna ule mstari wa katikati ya kifua, na wengine mmekuja na waume zenu, wake zenu, watoto wenu, na hao waliosindikiza nawashukuru zaidi kwa sababu mgonjwa wa moyo akianza kubadilika wa kwanza kuona mara nyingi si yeye mwenyewe, ni yule anayepanda naye ngazi. Mi ni nesi. Kazi yangu ni kwenye chumba kile tunachoingiza katheta, ule mrija mwembamba, kwenye mishipa ya moyo, kwa hiyo ninayosema leo ni ninayoyaona pale mezani, na penye hesabu za utafiti nitawaambia kwamba hapa ni utafiti.

Nimekuja na jambo moja, mengine yote yanatokana na hilo. Baipasi ilikupa njia mpya ya damu, haikukuondolea ugonjwa. Narudia tena kwa wa kule nyuma: ilikupa njia mpya, ugonjwa haikuuondoa. Na kwa sababu ugonjwa bado upo, njia nazo zinaweza kubana tena, na zikibana tena kuna matibabu, tena mengi, ila yanamsaidia yule aliyesema mapema.

Hebu tuanze na kilichofanyika kifuani kwako. Moyo una mishipa yake yenyewe inayoulisha damu, imelala juu ya moyo, na ile mikubwa unene wake ni kama milimita 3 au 4 tu, sasa mafuta na chokaa vikajijenga ukutani kwa miaka na miaka, njia ikawa nyembamba, moyo ukaanza kulalamika. Daktari wa upasuaji hakuingia humo ndani kukwangua. Alichukua mshipa mguuni, au ule unaoteremka nyuma ya mfupa wa kifua upande wa kushoto, au wa mkononi, akauunga ng'ambo ya palipoziba, damu ikapata barabara ya mchepuko. Sasa niwaulize, barabara ya mchepuko ikijengwa ile ya zamani inakuwa imetengenezwa? Haijatengenezwa. Bado ipo vile vile, na kilichoiharibu bado kipo mwilini, na kinaanza kuitafuta hiyo mpya.

Kuna daktari mmoja wa Argentina, René Favaloro, huyu alianza kwa kutibu watu wa kijijini miaka 12 huko kwao, ndo baadaye mwaka 1962 akaenda Marekani kujifunza upasuaji wa moyo Cleveland Clinic. Mei 1967 akampasua mwanamke wa miaka 51 ambaye mshipa wake wa kulia wa moyo ulikuwa umeziba, akachukua mshipa wa mguuni akautumia kupitisha damu. Ikafanya kazi, na baada ya miaka michache upasuaji huo ukaenea dunia nzima. Miaka mitatu kabla yake, 1964, kule Leningrad, Urusi, daktari Vasilii Kolesov alikuwa ameshatumia mshipa wa kifuani kwa kazi hiyo hiyo, ila wengi hawakumtilia maanani wakati ule.

Kwa nini nawasimulia hawa wawili? Kwa sababu mshipa wa Favaloro na mshipa wa Kolesov haviishi sawa, na kila mmoja wenu humu inabidi ajue amepandikizwa upi. Mshipa wa mguuni uliozaliwa nao kazi yake ni kurudisha damu polepole kwa presha ndogo sana, afu siku moja unatolewa unaungwa kwenye mshipa mkuu kabisa unaotoka moyoni, pale presha ni 120 na zaidi, kila pigo la moyo unapigwa, mchana na usiku. Haukuumbwa kwa hilo. Mwezi wa kwanza tatizo lake ni damu kuganda ndani. Kuanzia hapo mpaka mwaka, ukuta wake unajihami kwa kunenepa kwa ndani. Baada ya mwaka ndo mafuta yanaanza kujipanga, na haya mafuta ya kwenye mshipa wa mguuni ni mabaya kuliko yale ya mishipa ya asili kwa sababu ni laini na yanamomonyoka, nitarudi hapo. Ikifika miaka 10, karibu nusu ya mishipa ya mguuni iliyopandikizwa inakuwa imeziba au imebana vibaya. Ule wa kifuani, miaka hiyo hiyo 10, kwenye kila watu 10 takriban 9 bado uko wazi. Ndo maana siku hizi karibu kila daktari anahakikisha mshipa mkubwa wa mbele ya moyo anauwekea wa kifuani, na ya mguuni inaenda kwingine.

Nina mzee mmoja namkumbuka, mwalimu mstaafu, alikuwa na miaka 11 toka afanyiwe. Kila mwaka tarehe ya opareshoni alikuwa anawapigia simu watu wote, leo ndo birthday yangu ya pili. Alipoanza kubanwa akipanda ngazi akasema haiwezekani, mimi nilishapona. Akawa anapunguza mwendo. Akaacha kwenda ghorofani. Aliyemleta hospitali ni mke wake, akatuambia, "Huyu siku hizi tukipanda anasimama katikati ya ngazi anajifanya anasoma simu, na simu yenyewe nimeiona imezima." Tulipoangalia, mishipa miwili ya mguuni ilikuwa imeziba kabisa, wa kifuani ulikuwa mzuri, na huo mmoja ndo ulikuwa umebeba moyo wote miezi yote hiyo.

Ndugu zangu, huyo mzee hakuwa mjinga. Alikuwa na aibu. Alidhani kubanwa tena maana yake amefeli, au opareshoni ilifeli, au fedha na machozi ya familia vilipotea bure. Na mi nakwambia wewe uliyekaa hapo unayejificha nyuma ya simu yako kwenye ngazi, miaka 11 ya kutembea, kufundisha wajukuu, kulala bila maumivu, hiyo ndo kazi iliyofanywa na opareshoni na imeifanya vizuri. Sasa kuna kazi nyingine ya kufanya.

Haya, twende kwenye dalili, hapa nitakaa kidogo maana ndo panapopoteza watu.

Mtu aliyepasuliwa kifua anakuwa na maumivu ya aina mbili, na anayachanganya. Kuna ya kovu na mfupa, na kuna ya moyo. Ya kovu ukimuuliza mtu panauma wapi anakuonyesha kwa kidole kimoja, hapa, akibonyeza panauma, akigeuka kitandani panauma, akikohoa panauma. Ya moyo haonyeshi kwa kidole. Anakunja ngumi anaiweka katikati ya kifua, angalieni siku moja mtaona, na anakwambia panabana, pamekaa kitu kizito. Yanakuja akitembea haraka, akipanda mlima, akibeba kitu, akigombana na mtu, akitembea kwenye baridi baada ya kula, na yanaondoka akipumzika dakika chache. Yanaweza kwenda taya, bega, mkono wa kushoto, mgongoni, au kukaa chembe ya moyo.

Na kuna wasiobanwa kabisa. Wenye kisukari mishipa ya fahamu imechoka, haisemi. Wanawake wengi nao dalili zao zinakuja kwa njia nyingine, pumzi inakata, uchovu wa ajabu, kichefuchefu, jasho. Kuna mama mmoja, ana sukari, alikuwa anatibiwa kiungulia kwa muda mrefu tu, anameza dawa za tumbo asubuhi na jioni. Sasa siku moja nesi mwenzangu akamuuliza swali moja tu: mama, hicho kiungulia kinakuja ukila au ukitembea? Akafikiri, akasema, "Kikija nikitembea nikikaa kinaisha." Kiungulia gani kinaisha kwa kukaa kwenye kiti? Alipelekwa kwenye vipimo wiki hiyo hiyo na mshipa wake mmoja wa mguuni ulikuwa umebana karibu wote.

Swali hilo mlichukue mwende nalo nyumbani. Linakuja na mwendo, linaisha na kupumzika? Kama ni hivyo basi ni la moyo mpaka daktari wa moyo aseme vinginevyo.

Halafu kuna kisa kingine nakipenda sana kwa sababu kilikuwa mkononi. Fundi rangi, anatumia mkono wa kushoto, baipasi yake ilikuwa ya ule mshipa wa kifuani upande wa kushoto. Akitembea hana shida, akipanda ngazi hana shida. Akianza kupaka rangi dari, dakika chache tu, kifua kinabana na mkono unachoka kama si wake. Tukampima presha mkono wa kulia ikasoma 150. Wa kushoto 110. Tukadhani mashine, tukabadilisha mashine, ikawa vile vile. Kumbe mshipa mkubwa unaopeleka damu mkono wa kushoto ulikuwa umebana, na ule mshipa wa kifuani unaolisha moyo unatokea humo humo, kwa hiyo akiutumia mkono sana damu inapungua kwenda moyoni, na hata inaweza kugeuza njia ikatoka moyoni kwenda mkononi. Baipasi yenyewe ilikuwa nzima kabisa! Akawekewa stenti, kijibomba cha waya cha kuuacha mshipa wazi, kwenye mshipa wa mkono, na akarudi kupaka dari. Kwa hiyo ukienda kliniki na wewe una mshipa wa kifuani, mwombe anayekupima apime mikono yote miwili. Haichukui hata dakika tano, na tofauti ikizidi 15 kuendelea mwambieni daktari.

Sasa dharura. Kama umepewa dawa ya kuweka chini ya ulimi au ya kupuliza, kaa chini kwanza, tumia, subiri dakika 5. Kama haijapungua, au imezidi, au imekuja umekaa tu hufanyi kitu, au inakuja na jasho la baridi na pumzi kukata, piga simu ya dharura hapo hapo, usijiendeshe mwenyewe, usisubiri kukuche, usisubiri mtoto arudi kazini. Na wazee wangu hili nalisema hadharani kwa sababu faragha mnaona haya kuuliza: dawa za nguvu za kiume na hiyo ya chini ya ulimi haziendi pamoja. Sildenafili ikiwa mwilini, saa 24 hiyo ya ulimi usiiguse, na tadalafili ni saa 48, presha inaweza kushuka mpaka ukaanguka. Ukifika hospitali na kifua, na ulikuwa umemeza, sema. Hatucheki. Tunachotaka ni kujua tukupe nini.

Umeshasema, umefika, sasa wanakufanyia nini?

Kwanza niwatoe hofu, si kila aliyebanwa tena anaingia chumbani kwetu. Kama maumivu ni ya mwendo tu na hayajabadilika, wanaanza au wanaongeza dawa za kupunguza kazi ya moyo na kutanua mishipa, na kuna watu wanaishi vizuri kwa dawa tu miaka. Kuna vipimo vya kuukimbiza moyo, kuna picha za CT ambazo kwa mishipa ya kupandikizwa zinaonyesha vizuri sana kwa sababu ni minene na haitingishiki sana kama ile ya asili. Anayebanwa akiwa amekaa, au ana dalili za shambulio la moyo, au dawa zimeshindwa, au moyo umeanza kudhoofika, huyo ndo anakuja kwenye katheta.

Kipimo cha katheta chenyewe kilianza kwa bahati. Oktoba 1958, hospitali hiyo hiyo ya Cleveland, daktari Mason Sones alitaka kupiga picha mshipa mkuu wa kijana wa miaka 26, katheta ikateleza ikaingia kwenye mshipa mdogo wa moyo na dawa ya picha ikamwagika humo. Wote walikuwa wanaamini hilo linaua. Moyo ukasimama sekunde kadhaa, Sones akampigia kelele akohoe, akakohoa, moyo ukarudi. Na Sones badala ya kushukuru Mungu tu na kuacha, akaelewa kwamba basi inawezekana kuiona mishipa ya moyo mmoja mmoja. Bila hiyo picha Favaloro asingejua aunge wapi.

Kwa mtu wa baipasi kipimo hiki kina ugumu wake, na hapa naomba mnisikilize vizuri maana hili liko mikononi mwenu kabisa. Mtu ambaye hajapasuliwa tunatafuta milango miwili, kushoto na kulia, basi. Wewe tunatafuta hiyo miwili pamoja na kila mshipa uliopandikizwa, na kila mmoja umeungwa mahali pake kadiri daktari alivyoona siku ile. Ule wa kifuani mara nyingi tunaufuata kupitia mkono wa kushoto. Sasa akija mtu hana karatasi ya opareshoni, hajui ni mingapi, anasema "nadhani mitatu, au minne", tunatafuta. Tumepata mitatu, je wa nne upo na umeziba kabisa, au haukuwahi kuwepo? Tunazunguka, dawa ya picha inaongezeka na dawa hiyo figo ndo zinaisafisha, mionzi inaongezeka, mgonjwa mgongo unamuuma pale mezani. Nimeshashuhudia daktari bingwa kabisa anatafuta mshipa ambao hakuna aliyewahi kuuweka. Karatasi moja ingemaliza yote. Iombe hospitali uliyopasuliwa, ile inayosema mishipa mingapi, imetoka wapi, imeungwa wapi. Piga picha na simu, mtumie mtoto wako, weka nakala kwenye pochi.

Haya, wamepata palipobana. Hapo ndo uamuzi wenyewe.

Septemba 16, 1977, Zurich, daktari Andreas Grüntzig alimzibua mshipa wa moyo mwanaume wa miaka 38 kwa puto dogo linalovimbishwa ndani ya mshipa, macho yake yakiwa wazi, anaongea. Vile viputo alikuwa ameanza kuvitengeneza nyumbani kwake, mezani jikoni, jioni baada ya kazi, na mke wake na msaidizi wake wakimsaidia. Mgonjwa huyo alipopigwa picha tena baada ya miaka 10 mshipa wake bado ulikuwa wazi. Mwaka 1986 huko Ufaransa na Uswisi wakaanza kuacha na kijibomba cha waya ndani ili ukuta usirudi, ndo stenti hiyo. Leo mtu wa baipasi aliyebana tena, mara nyingi sana anatibiwa kwa njia hii na sio kufunguliwa kifua tena.

Lakini stenti iwekwe wapi? Una njia mbili, mshipa uliopandikizwa uliobana, au ule wa asili wa zamani.

Wa kupandikizwa unaonekana rahisi. Ni mnene, umenyooka, katheta inapita. Kumbukeni niliwaambia mafuta yake ni laini, yanamomonyoka. Puto likivimba humo, vipande vinakatika vinasombwa mbele mpaka kwenye vijimishipa vidogo kabisa vya moyo, na kule vinaziba. Mi nimesimama pale, mshipa umefunguka vizuri kabisa kwenye skrini, dawa ya picha inaingia, haisongi, imesimama, na mgonjwa anaanza kubanwa upya. Chumba kizima kinanyamaza. Wanaingiza dawa za kutanua vile vijimishipa na mara nyingi damu inarudi, sio mara zote. Kwa ajili hiyo vikabuniwa vizuizi na vichujio vya kunasa hivyo vipande visiende mbele, na utafiti mkubwa uliotolewa 2002 ulionyesha madhara makubwa ndani ya mwezi yakishuka kutoka asilimia 16.5 mpaka 9.6 kwa kutumia kifaa kama hicho. Sio kila mshipa kinakaa, lakini ni haki yako kumuuliza daktari, kwangu mtatumia kichujio?

Njia ya pili ni kurudi kwenye mshipa wa asili. Miongozo ya madaktari wa moyo wa Ulaya ya 2018 iliwaambia madaktari wafikirie huo kwanza kabla ya wa kupandikizwa, kwa sababu ilionekana stenti kwenye wa asili inadumu zaidi. Ila kumbukeni ule ndo ulikuwa umeharibika toka mwanzo, miaka imepita, mara nyingi umeziba moja kwa moja na chokaa imekuwa ngumu. Kuupitisha waya humo kunaweza kuchukua masaa na kunahitaji mtu aliyebobea kwa kazi hiyo hiyo. Kwa hiyo ukisikia daktari anasema nakupeleka kwa mwenzangu, usione anakukimbia. Huyo anakujali. Mi binafsi naona daktari anayejua mwisho wa mkono wake ndo wa kushikamana naye.

Na kupasuliwa tena? Kupo. Ila hatari yake ni mara 2 mpaka 4 ya ile ya kwanza, kwa sababu umri umeongezeka, makovu yameshika kila kitu, na kama mshipa wa kifuani uko mzima unaweza kuwa umegandana nyuma kabisa ya mfupa, msumeno ukiugusa ni balaa. Kwa hiyo wanafikiria zaidi kwa mtu ambaye mishipa yake mingi imekwisha kwa pamoja, hasa kama ule wa kifuani haukuwahi kutumika mara ya kwanza. Uamuzi huu usifanywe na mtu mmoja. Daktari wa katheta na wa upasuaji wakae pamoja na wewe uwepo, na mtu wako awepo.

Kwa wale walio ndani ya siku na wiki za mwanzo baada ya opareshoni, hawa sio wa kusubiri kliniki kabisa, kifua kikibana ni kurudi hospitali hapo hapo, maana mshipa mpya unaweza kuganda damu na ukiwahiwa unaokolewa.

Nimebakiza dawa, na najua hapa ndo mnaangalia saa.

Mwaka 1997 ulitoka utafiti wa watu zaidi ya 1,300 waliokuwa na baipasi ya mishipa ya mguuni, kolesteroli mbaya ya kundi moja ikashushwa sana, ya wengine kidogo. Baada ya miaka kama 4 wakapigwa picha tena. Walioshushwa kidogo, asilimia 39 ya mishipa ilikuwa imeendelea kuharibika. Walioshushwa sana, 27. Sasa fikirieni, mishipa ile ile, upasuaji ule ule, tofauti imetoka kwenye kidonge. Statini, hicho kidonge cha kushusha kolesteroli, sio dawa ya mwezi mmoja mpaka kipimo kikae sawa, kipimo kimekaa sawa kwa sababu unameza! Ukiacha kinarudi. Miongozo ya Ulaya inataka kwa mtu kama wewe kolesteroli mbaya iwe chini ya 1.4 kwa hesabu ya mmol/L, kwa hesabu nyingine ya mg/dL ni 55, na kama statini peke yake haifiki huko kuna nyingine za kuongezea. Muulize daktari namba yako. Jua namba yako kama unavyojua namba ya simu ya mwanao. Misuli ikiuma sema, wabadilishe aina au wapunguze, usiache kimya kimya.

Aspirini nayo inaanza kupewa ndani ya saa chache baada ya opareshoni, na kwa wengi ni ya maisha. Ukiwekewa stenti inaongezwa ya pili ya kuzuia damu kuganda, klopidogreli au dada zake, kwa kawaida miezi 6, na kama ulikuja na shambulio la moyo miezi 12. Kuna kaka mmoja alikuja na stenti yake nzuri, wiki chache tu, jino likamuuma, akaambiwa acha dawa za damu kwanza tung'oe. Akaacha zote mbili. Hakumpigia mtu wa moyo simu. Alirudi kwetu usiku na stenti imejaa damu iliyoganda. Tulimuwahi, yuko hai, ila kipande cha moyo wake kilikufa usiku ule kwa ajili ya jino ambalo lingeweza kung'olewa akiwa anameza dawa zake. Yeyote atakayekwambia acha hizo dawa, awe wa meno, wa macho, wa tumbo, mwambie naomba kwanza uongee na daktari wangu wa moyo. Yeyote yule.

Sigara sitaisema kwa kirefu, wote mnajua, inaziba mishipa ya kupandikizwa kama ilivyoziba ile ya kwanza, na anayevuta ndani ya nyumba yako na yeye aambiwe. Sukari na presha vile vile, mnavipima, mnajua. Mazoezi, nendeni zile programu za mazoezi ya moyo kama zipo kwenye hospitali yenu, maana pale unatembezwa huku unaangaliwa, na dalili ikianza inaanzia mbele ya mtu anayeijua.

Na nyie mliosindikiza. Akianza kusimama katikati ya ngazi, muulize. Akisema ni umri, muulize tena. Ukimuona anakataa kubeba kitu ambacho mwezi uliopita alibeba, andika tarehe, njoo nayo kliniki, hiyo tarehe inatusaidia kuliko mnavyofikiri, kwa sababu maumivu yaliyoanza mwaka jana na maumivu yaliyoanza juzi yanatibiwa kwa haraka tofauti.

Yangu ni hayo. Nitabaki hapa mpaka mtu wa mwisho aulize, na mwenzangu ana mashine ya presha kwenye meza ya pembeni, kila mwenye mshipa wa kifuani apite apimwe mikono yote miwili. Wenye karatasi zenu za opareshoni njooni nazo tuzisome pamoja, na wasio nazo nitawaandikia leo leo barua ya kuiomba. Mama uliyenyoosha mkono toka tukiwa kwenye kiungulia, karibu, tuanze na wewe.